Jibu Langu Kwenye Dodoso

Jumanne, kijijini Ipyana

Nilidhani atakasirika. Jamani, mume huyu nimempata wapi!

Ni dodoso lililotolewa na chuo anakofundisha pamoja na chuo kikuu. Wanataka kushirikiana, ili sisi tulioishia kidato cha nne tuanzie chuo cha hapa, kisha tumalizie kule. Nililijaza Jumapili kanisani na wenzangu. Halina jina, basi nikajiachia. Nini kinakuzuia kusoma? Nikaandika, "Nimeolewa."

Na ndoa yetu ina miezi miwili tu! Nilisahau kabisa kwamba atakayesoma majibu ni Ambakisye wangu.

Leo tukiwa tunageuza kakao juani, akasema, "Mke wangu, mwandiko wako naujua tangu barua za uchumba. Kumbe kizuizi chenyewe ni mimi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba anipe hilo dodoso nifute.

"Usifute. Wanataka ukweli. Ila swali la mwisho umeliruka."

Ungependa kuanza lini? Nililiruka kwa woga, maana nani angenikubalia?

Akajifuta mikono, akalitoa dodoso mfukoni, akanipa pamoja na kalamu yake. Nikaandika: muhula ujao.

"Ndaga fijo," akaniambia, akanishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu.