Chungwa Moja Nyarutarama

Jumamosi, jioni

Bado naona aibu, na chai imeshapoa.

Leo nilikwenda Nyarutarama, mtaa wa matajiri, kama kila Jumamosi, kumfundisha hesabu mtoto wa tajiri mmoja kwa malipo. Somo lilikuwa sehemu, zile zile nilizofundisha Jumanne shuleni kwetu Ndera, mbele ya watoto zaidi ya sitini. Nikaomba chungwa na kisu. Nikakata nusu, kisha robo, mtoto akala robo yake huku anacheka. Akaelewa papo hapo.

Mfanyakazi aliyeleta chungwa alibaki mlangoni anatazama. Ni Mama Divine. Binti yake yuko darasani kwangu, benchi la nyuma. Sikujua kwamba anafanya kazi nyumba ile.

"Mwalimu, hata mimi sasa nimeelewa," akasema. "Divine alilia Jumanne, eti sehemu ni ngumu. Na kule shuleni munakataga machungwa?"

Nikamjibu ndiyo.

Uongo. Jumanne niliandika ubaoni, nikafuta, nikaendelea. Halafu kwenye mikutano ya wazazi ni mimi ninayesema shule ya serikali itawatoa watoto wao kwenye umaskini. Wananipigia makofi. Kumbe kilicho bora nakiweka akiba hadi Jumamosi, kwa sababu mshahara wa shule haunifikishi mwisho wa mwezi...

Nilipoondoka Mama Divine alinipa mkono, mkono wa pili umeshika kiwiko chake kwa heshima.

"Basi ni kichwa cha Divine tu kizito," akasema. "Nitamwambia aongeze bidii."

Nami nikamwambia ndiyo, aongeze bidii.