Mikono Bila Ushanga

Kasungami, Lubumbashi, tarehe 16 Januari 2025

Kwa Mama Edith, Mitwaba

Mama mupendwa,

Nakusalimu wewe na watu wote wa lupango, nyumba zote za uwanja wako. Natumaini karatasi hii itakukuta unatembea, na kwamba goti lako linakuachia usingizi. Mimi niko muzima. Ninakula, hata kama majirani wanasema sili.

Ninaandika, sipigi simu, kwa sababu simu ya Mitwaba inakatika katikati ya neno, na ikishika, lupango nzima inasikiliza pamoja nawe. Katongo, dereva wa lori, ameahidi kukupa barua hii mukononi.

Mama, siku arobaini za kilio cha mwanao Chanda zimekwisha. Jumatatu nilifungua tena chumba chetu cha kine, cha kutunza misuli na viungo. Nilifagia, nikafungua dirisha, nikapangusa kitanda cha mbao ambacho Chanda alikitengeneza mwenyewe, kile chenye tundu upande wa uso ili mugonjwa alale kifudifudi na bado apumue. Saa yake iko pale pale kwenye musumari.

Labda Chanda hakukueleza vizuri kazi yetu. Watu wanafikiri kine ni mutu wa kukanda tu. Sisi wawili tulichukua hasa wenye kukimbia, wacheza mupira, na watu ambao miguu ndiyo inawalisha. Mukimbiaji akija kusema goti linauma, Chanda hakuanza na goti. Alimuomba viatu, akavigeuza, akaangalia soli imelika upande gani. Halafu alitia mikono yake kwapani mpaka ipate moto. Alisema mukono wa baridi unatisha nyama ya mutu.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya nishike karatasi hii. Unamukumbuka Hénoc, kijana wa mbio wa huku kwetu, aliyebeba sanduku mbele siku ya kuzika. Mwezi wa kumi alichanika nyama ya nyuma ya paja. Chanda alikuwa amemufikisha mahali pa kukimbia polepole. Jumatatu alikuja, akasimama mulangoni, hakuingia.

“Mama kine, mi nakuheshimu,” aliniambia. “Lakini uko mujane wa juzi. Lufu iko bado mu mikono yako. Itaingia mu muguu yangu.”

Nilimueleza kwamba kifo hakikai kwenye mikono, na kwamba paja likiachwa sasa litapona vibaya, litakuwa fupi kuliko lingine. Aliinamisha kichwa, akaenda, anachechemea. Baada yake wengine watatu wameacha kuja. Tulikuwa na wagonjwa tisa.

Wanangoja ukoo unisafishe kifo cha mume wangu. Wewe ni mama wa Chanda. Uniandikie neno moja tu la baraka, nitalibandika mulangoni.

Mutoto wako,
Virginie


Mitwaba, tarehe 5 Februari 2025

Virginie, muke wa mwanangu,

Salamu nyingi. Tuko wazima, mvua ni nyingi, mahindi yamesimama vizuri. Goti ni lile lile. Nimefurahi kusikia unakula.

Neno unaloomba siwezi kukuandikia.

Baba yake Chanda alipokufa, nilikaa mwaka muzima. Sikusalimia mwanaume kwa mukono. Padri aliniwekea komunyo kwenye ulimi, na wanawake wa ukoo walijadiliana siku mbili kama kule ni kuguswa ao hapana. Muhogo wangu ulioza shambani kwa sababu wanaume wa kunisaidia waliogopa kupokea jembe lililotoka mikononi mwangu. Nilivumilia. Sikufa.

Wewe umesoma kuliko mimi, kwa hiyo utajua kungoja. Desemba ukoo utakaa na tutafanya kupyana. Usiogope jina hilo. Zamani ndugu wa marehemu alichukua nafasi yake hata kitandani, lakini siku hizi sisi ni wakristo. Désiré, mudogo wake Chanda, ana muke wake. Atakufunga ushanga mweupe mukononi, utakuwa umesafishwa, na kila mutu atakushika bila woga. Mpaka siku hiyo, tunza wanawake na watoto. Wanaume uwaache.

Kwenye bomba la maji wananiuliza: ni kweli muke wa Chanda anashika mapaja ya wanaume, naye bado iko na nguo nyeusi? Niwajibu nini?

Mama yako,
Edith


Kasungami, tarehe 24 Februari 2025

Mama mupendwa,

Asante kwa barua, na kwa siagi ya karanga aliyoileta Katongo. Niko muzima. Natumaini na wewe vilevile.

Unauliza uwajibu nini kwenye bomba. Uwajibu: ndiyo, anashika.

Usidhani ninasema hivyo kwa kiburi. Nimekusoma mara tatu, na ule muhogo uliooza umeniuma. Lakini muhogo ulioza kwa sababu ulingojeshwa, Mama, na muguu wa mutu ni hivyo hivyo. Nyama iliyochanika inajiunga yenyewe, ukitaka usitake. Usipoiongoza mapema, kwa mikono na kwa mazoezi, inajiunga kama kitambaa kilichoshonwa bila kunyooshwa. Paja la Hénoc halijui kama Desemba iko mbali.

Jirani yangu Mama Kapinga, yule Mukasai muuza vitenge, alinipa shauri lake. Alisema, “Vaa bagants ya munganga, ufunge midomo ya bantu.” Nilijaribu asubuhi moja. Kwa mupira ule wa mikononi nilisikia joto la muguu, lakini kile kifundo kidogo kama punje ya muhindi, kinachoniambia hapa ndipo penye kosa, sikukisikia. Nilivua, nikamurudishia na shukrani. Sitatunza watu kwa kubahatisha ili majirani walale vizuri.

Siyo wote waliokimbia. Myriam, mwalimu wa shule ya musingi, anakuja kila Jumanne na Ijumaa. Anakimbia alfajiri kabla ya darasa, na mushipa mukubwa wa kisigino ulikuwa umemuvimba. Kila mutu alimuambia alale mwezi muzima. Mimi ninamusimamisha kwenye ukingo wa ngazi: apande kwa vidole vya miguu yote miwili, ashuke polepole kwa muguu mumoja, mara kumi na tano, apumzike, arudie. Inauma kidogo, na hivyo ndivyo mushipa unavyojifunza kubeba tena. Juzi alipanda mara zote bila kushika ukuta. Aliniambia, “Mama kine, kama lufu yako njo inaponyesha vile, uniongezeyeko.” Nilicheka, Mama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba, na niliona haya, kisha sikuona haya tena.

Na goti lako: ukae juu ya kiti, unyooshe muguu mbele polepole, uhesabu mpaka kumi, uushushe polepole vilevile. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Usikubali mutu alivute.

Mutoto wako asiyekusikia leo,
Virginie


Kasungami, tarehe 19 Mei 2025

Mama mupendwa,

Salamu. Ni karibu miezi mitatu sijaona mwandiko wako. Nilimuuliza Katongo kama uko mugonjwa, akasema alikuona kanisani, umesimama. Nilishukuru Mungu, halafu niliumia zaidi, kwa sababu basi ulikuwa muzima na hukuandika.

Jumamosi ya tarehe 10 Désiré alifika na wanaume wawili na lori. Sijui kama unajua yote, kwa hiyo nakuandikia kama mutu asiyejua.

Nilikuwa ninamutunza Myriam. Désiré alingoja nje na heshima, siwezi kumusingizia. Nilipomaliza aliingia, akafungua leso, akatoa ushanga mweupe. Alisema maneno yamefika mbali, ukoo hauwezi kungoja Desemba. Alitaka nivae siku ile ile, na chumba nikifunge mpaka mwaka uishe. Nikikataa, vitu vya ndugu yake virudi Mitwaba.

Nilimuuliza nani atatunza wagonjwa. Alisema Lubumbashi iko na hospitali. Nilimuambia sivai. Hapo sauti yake ilipanda kidogo.

“Kitanda iko ya ndugu yangu,” alisema. “Saa iko ya ndugu yangu. We ulituletea nini? Hata mutoto hukutuachia.”

Myriam alitaka kumujibu, nikamushika bega. Wale wanaume walianza kuvuta kitanda, kikakwama mulangoni. Niliona wanakivunja. Nikawaonyesha kwamba miguu inafunguliwa kwanza, nikashika upande mumoja mwenyewe, tukakipandisha pamoja. Saa niliitoa kwenye musumari, nikamupa Désiré kwa mukono wangu. Alisita kuipokea. Aliipokea kwa leso.

Nilimuambia, “Mbao ni zenu. Mikono inabaki.”

Lori lilipoondoka nilikaa chini, sakafuni, nikaona kuna nafasi ya kutosha. Jumatatu nilitandika mukeka. Ninafanya kazi nimepiga magoti. Mugongo wangu unalalamika, lakini sakafu ina faida moja: haiyumbi.

Alhamisi Hénoc alirudi. Walimupeleka kwa fundi wa dawa za kienyeji, akamuchanja paja kwa wembe na kupaka dawa nyeusi, halafu akamufunga asitembee wiki tano. Paja limekuwa gumu kama mukanda wa zamani. Alisimama mulangoni, mahali pale pale pa Januari, akiangalia pale kitanda kilipokuwa.

“Mama kine,” alisema, “leo hata kuku siweze kuifwata.”

Nilimuuliza kama bado anaogopa mikono yangu.

“Niko naogopa,” alisema. “Shika tu.”

Alilala kwenye mukeka, amefunga macho kama mutu anayengoja sindano. Nilitia mikono kwapani kwanza. Tulianza upya, Mama, kutoka sifuri.

Sikuombi kitanda. Nakuomba uniandikie, hata kunikaripia.

Virginie wako


Mitwaba, tarehe 12 Juni 2025

Virginie, mutoto wangu,

Nakusalimu kwa huruma. Uko namna gani? Mugongo je? Hapa baridi imeanza. Goti linakunjika zaidi, nimefanya ulivyoniambia, kila asubuhi na kila jioni. Sikumuambia mutu ni nani aliyenifundisha.

Sikumutuma Désiré. Lakini nilijua anakuja, na nilinyamaza. Basi kunyamaza kwangu kulipanda lori pamoja naye. Nisamehe.

Kitanda kimewekwa nyumbani kwangu kwa sababu hakuna mwingine aliyejua cha kukifanyia. Siku moja watu walipokwenda shambani nilipanda juu yake, nikalala kifudifudi, nikaweka uso katika lile tundu. Nililia humo ndani muda murefu. Mwanangu alifikiria mambo. Alitengeneza mahali ambapo mutu anaweza kulia bila kuonekana.

Sasa sikiliza, maana nimepigana kwa ajili ya hili. Nimekaa na ukoo Jumapili mbili. Wamekubali Désiré asikuguse. Nitakuja mimi mwenyewe, mwezi wa nane. Nitakufunga ushanga jikoni kwako, mwanamuke kwa mwanamuke, hakuna wa kuona. Utauvaa mpaka jua lizame, halafu utauvua. Chumba chako hakitafungwa hata siku moja. Kitanda na saa nitakurudishia na lori hilo hilo.

Usipokubali, sina tena la kusema mbele yao. Unajua kilio cha mwaka kinavyofanywa. Désiré atasimama mbele ya watu wote na kutaja mumoja mumoja wale ambao Chanda aliwaacha. Wamesema jina lako halitatajwa, na hutapewa mahali pa kukaa. Utakuwa kama mutu ambaye mwanangu hakumujua.

Ni uzi mumoja, Virginie. Ni muchana mumoja. Mimi ni muzee, na ninakuomba.

Mama yako,
Edith


Kasungami, tarehe 3 Julai 2025

Mama yangu mupendwa,

Nakusalimu na kukushukuru. Barua yako nimetembea nayo siku nane. Nimefurahi kwa goti. Sasa ongeza: uhesabu mpaka kumi na tano.

Hakuna mutu aliyewahi kukaa Jumapili mbili akinipigania. Najua ulichokifanya, na najua jibu langu litakugharimu mbele yao. Kama ingekuwa kukufurahisha wewe tu, ningevaa ushanga mikono yote miwili.

Lakini acha nikusimulie siku tano za mwisho za Chanda, kwa sababu wewe ulifika amekwisha kufungwa sanda. Figo zilikuwa zimekufa na miguu yake ilivimba mpaka ikang'aa. Ilimuuma hata shuka ikimugusa. Nilikaa upande wa miguu, nikawa ninasukuma maji yale polepole kutoka kidole kwenda juu, kwa kiganja, bila nguvu. Alikuwa ananirekebisha. Aliniambia, “Polepole zaidi. Sasa vizuri.” Siku ya nne hakuweza kusema, alinirekebisha kwa kope. Siku ya tano nilikuwa bado ninashika kisigino chake nilipojua kwamba ninashika peke yangu. Sikuondoa mukono. Muuguzi ndiye aliyeuondoa.

Mikono hiyo ndiyo wanataka kuisafisha, Mama. Nikikubali, hata muchana mumoja, hata jikoni na wewe, nitakuwa nimesema kwamba Chanda aliniachia uchafu. Aliniachia kazi. Na mwanamuke mwingine wa huku akifiwa kesho, watamuambia: hata yule kine alivaa, wewe ni nani.

Kwa hiyo hapana. Ninaandika neno hilo nimekaa vizuri na sina hasira.

Kitanda kibaki kwako. Ulale juu yake unapotaka kulia.

Nina wagonjwa kumi na moja. Hénoc alikimbia kilomita nane juzi, akarudi kulalamika kwamba muzee mumoja wa chama cha wakimbiaji alimupita. Nimemuambia apitwe mpaka Septemba, asivute. Amenuna kama mutoto, lakini anasikia.

Desemba sitakuja kusimama kwenye uwanja ambao jina langu halimo. Siku hiyo nitafungua chumba saa moja asubuhi kama kawaida. Désiré akitaja majina na akaruka langu, usibishane naye, Mama, umesimama vya kutosha kwa ajili yangu. Wewe kaa tu kwenye mukeka wako, na kimya kimya unikumbuke.

Mutoto wako,
Virginie