Neno Lako Moja la Kiingereza

Mama Atupele,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Mara nyingi nimeshika kalamu, nikaandika jina lako, nikaishia hapo. Nimewafundisha watoto wa watu kuandika barua, na yangu imenishinda.

Migomba iliyo karibu na kaburi lako imezaa. Mvua haijakatika. Mjini kwetu biashara ya watu binafsi imeruhusiwa, na kutoka mtaa wa Makandana hadi ule wa Msasani kila kibanda kimegeuka duka. Kila duka limeandikwa "welcome" mlangoni, mengine kwa herufi pungufu. Ukiingia, kijana habandui hata sikio kwenye redio: "Mzee, unataka nini?"

Hapo nilikukumbuka, nikasahau hata nilichofuata. Ulijua neno hilo moja tu la Kiingereza. Nilikueleza kwamba Mwingereza humwambia hivyo mgeni anapofika, au hujibu hivyo akishukuriwa. Halitumiki kuwaita watu chakulani, wala kumsindikiza mgeni. Wewe ukafunua chungu cha ndizi mbele ya mkaguzi wa shule: "Welcome, baba, zisipoe." Alipoondoka, ukapaza sauti langoni: "Welcome tena!" Nilipokurekebisha, ulicheka. "Mwalimu, kwa hiyo wao wakila hawakaribishani? Ndiyo maana wembamba."

Bado nasema haikuwa sahihi. Lakini nyumba hii, mke wangu, iko kimya. Iko kimya mno.

Binti yetu Atupele anataka nihamie kwake Mbeya. "Baba, huko utapikiwa na nani?" Amekwisha kupata mpangaji wa nyumba hii, naye atatoboa ukuta wa sebule, afungue duka. Najua ataandika nini juu ya mlango.

Juzi nilikuwa nimekwisha kufunga sanduku, ikapigwa hodi. Alikuwa yule mama kutoka Lupepo aliyekuwa akituletea maziwa. Alikuwa amesafiri kumuuguza mamaye, hakusikia habari za msiba. Alisimama uani na kibuyu chake, akitabasamu, akingoja sauti yako. Ningemwambiaje? Mezani palikuwa na ndizi nilizopika mwenyewe, zimeungua chini. Nikavuta kiti. Nikasema, "Welcome, mama, zisipoe."

Alinitazama, akatazama jikoni, akaelewa. Kibuyu akakiweka chini. "Ndaga, baba," akasema, kama tunavyopeana pole kwetu. Tulikula zile ndizi zote, tukilia. Nilimsindikiza hadi langoni, nikataka kusema "Welcome tena!" kama wewe. Nikaishia kumpungia mkono.

Sanduku liko wazi kitandani, upande wako. Nguo bado zimo. Nikiondoka, mwingine akija akapiga hodi, nani atamwita mezani? Nikibaki, nitaisikia hodi hiyo kila siku, na wewe huitikii.

Atupele atakuja Jumamosi kuchukua jibu. Lala salama, mke wangu. Nikishaamua nitakuandikia, na hakuna atakayejua kabla yako.

Mimi mumeo,
Baba Atupele