Kivuli Ambacho Sikukipima

Yaya Sifa, dada yangu mpendwa,

Barua hii sikuitia ndani ya bahasha. Kabla haijavuka mpaka kukufikia huko Kivu, itasomwa Jumapili kanisani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mbele ya watu waliokuona ukikaripiwa, na msomaji nitakuwa mimi mwenyewe. Desturi ya pale unaijua: mtu husimama, hutaja kosa lake, watu humwimbia, naye hukaa. Nimesimama mara nyingi miaka hii yote. Nimetubu kiburi, nimetubu wivu, nimetubu hata kusinzia kwenye maombi. Hili la kukukosea wewe nililiruka kila mara, na watu wakaniimbia hivyo hivyo. Naona aibu hata kuandika.

Unakumbuka tulivyofika Uganda mwaka 1996. Mama alikuwa amekwisha kufa. Baba alikuja na sufuria moja, watoto wawili, na yale aliyokuwa nayo kichwani, maana vitabu vyake vyote vya ualimu vilibaki nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka minane, wewe kumi, na siku ile ile ukawa mama wa nyumba. Ulilima, ulipika, uliniosha, na shule ukaipata kwa vipande vipande. Lakini Jumamosi jioni hukukosa kamwe darasa la baba.

Lile darasa! Watoto ishirini tumebanana kwenye nyumba ya udongo yenye paa la turubai, na baba amesimama na daftari lake kubwa, ambalo kwa Kifaransa chake aliliita kaye. Humo alikuwa ameandika upya, kwa kumbukumbu tu, namna watu wa zamani walivyoijua dunia. Alianza na Wababeli waliochora nyota kwenye vigae vya udongo na kutuachia dakika sitini katika saa. Wakaja Wamisri na kamba zao za mafundo, wakipima mashamba kila mto ulipofuta mipaka. Wakaja Wahindi na sifuri, kisha Waarabu waliokesha wakitafsiri vitabu kule Baghdadi. Daftari liliishia Italia na jirani zake, wakati watu walipoanza kuvibishia vitabu vya wakubwa. Baba alipenda kutuuliza, "Nani alisema ni kweli? Kitabu? Kitabu iliandikwa na mutu!"

Siku ile ya somo la mwanga alifunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, akatoboa tundu dogo kwa msumari. Ukutani wakatokea watu wa njiani, wamepinduka, wanatembea na madumu yao ya maji. Mimi nilipiga kelele nikataka mlango ufunguliwe. Wewe ulisogea karibu na ukuta. "Baba, miguu yabo iko juu! Na kushoto imekuwa kuume?" Halafu, bila kungoja jibu, ulitoka nje ukasimama njiani ukapunga mkono mmoja ili sisi tuliobaki ndani tukuambie unaonekana upande gani. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona kijicho, yaya. Hilo nalo sijawahi kulisema.

Kisha kanisa likapata nafasi moja ya kumsomesha mtoto sekondari Mbarara. Nilipewa mimi, kwa kuwa darasani nilikuwa nimekutangulia, na nilikuwa nimekutangulia kwa kuwa wewe ulikuwa jikoni. Uliushona mkono wa sare yangu kwa uzi mweusi, maana mweupe ulikuwa umekwisha, ukaniambia niukunje kidogo hautaonekana.

Muhula wangu wa pili baba akaja na mpango wake. Alitaka kurudia ile kazi ya Mgiriki aliyetunza maktaba kule Misri, yule aliyepima ukubwa wa dunia kwa vivuli. Alitusokotea kamba mbili za mkonge zenye mafundo sawasawa, moja yako, moja yangu. Kila mmoja achomeke mti ulionyooka wa urefu wa kamba nzima, na siku moja iliyopangwa ya mwezi wa sita, jua likiwa juu kabisa, apime kivuli. Wewe Nakivale, mimi Mbarara. Kama dunia ingekuwa bapa, vivuli vingelingana. Kwa kuwa ni mviringo, na Mbarara iko kaskazini kidogo, upande jua linakokaa mwezi wa sita, kivuli cha Mbarara kingekuwa kifupi kidogo, kwa kitu kisichofika hata upana wa kidole, na ndani ya kile kitu kidogo baba alitumaini kuiona dunia nzima. "Mupime mara tatu," alituambia. "Mara moja ni bahati tu."

Jua la Mbarara hufika juu saa saba mchana. Saa saba, shule nzima imepanga foleni ya posho, ugali wa shule, uwanjani, sahani mkononi. Nilitoka na ule mti wangu. Sikuwa nimeuchomeka bado askari wa getini akanipigia kelele kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Wewe Mukongo! Nafanya nini na hiyo miti? Nataka loga sisi hapa?" Foleni yote ikaangua kicheko. Unajua nilivyokuwa nimejitahidi wasinisikie nikiongea Kiswahili, lugha ambayo kwao ilikuwa ya wanajeshi na wezi. Niliutupa mti nyuma ya jiko nikaenda kupanga foleni.

Kamba ya baba niliifanya ya kuanikia nguo.

Na namba niliitunga. Sikuketi hata kufikiri. Nilijiambia Mbarara ni mbali, basi kivuli kiwe kirefu, nikaongeza shubiri nzima juu ya kile nilichodhani utapata wewe. Nikaandika mara tatu, kila mara nikibadilisha kidogo ili ionekane nimepima. Hapo kwenye kubadilisha kidogo ndipo panaponichoma mpaka leo. Uvivu mtu husamehewa. Ile ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Likizo ilipofika baba alikusanya darasa lote. Wewe ulisoma namba zako tatu, zimelingana isipokuwa unywele. Mimi nikasoma zangu. Baba akapiga hesabu ubaoni, akafuta, akapiga tena. Kisha akageuka. "Na hizi namba zenu, Mbarara iko mbali kule kusini, ndani ya Tanzania." Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. "Moja wenu amekosea."

Akakutazama wewe.

"Sifa, ulipima muzuri?"

"Nilipima mara tatu, baba."

"Sifa, uniambie ukweli. Mboga haikuwa kwa moto? Hukupima haraka haraka?"

"Sikupima haraka." Ulikuwa umesimama na kamba yako imekunjwa vizuri mkononi. "Tupime tena, baba. Mi niende Mbarara, yeye abaki hapa. Tubadilishane fasi."

Hilo lilikuwa jibu la kisayansi kuliko yote yaliyosemwa ndani ya nyumba ile, na aliyelizima ni mimi. Nilisema, kwa sauti ya mtu wa shule, kwamba muhula ujao nina mitihani na sitapata nafasi. Baba akakubali kwa kichwa. Akasema aliye masomoni asisumbuliwe, kisha akakukaripia mbele ya watoto ishirini, kwamba kazi ya akili hufanywa na mtu aliyetulia. Wewe ulinitazama mara moja tu. Nadhani ulijua. Ukaenda kuwasha moto.

Ningeweza kusema nilikuwa mtoto, na nilikuwa mtoto kweli. Lakini mwaka uliofuata nilikuwa na miaka kumi na mitano, na ndipo nafasi ya pili ya kusomeshwa ilipokuja. Wazee wa kanisa walikuja nyumbani kumuuliza baba ni nani katika darasa lake anafaa. Mimi nilikuwa likizoni, nimekaa pale pale nikichambua maharage. Mmoja alitaja jina lako. Baba akajibu, "Sifa ni mutoto muzuri, ananisaidia mingi. Lakini kivuli tu kilimushinda." Nafasi ikaenda kwa mtoto wa jirani. Nilikuwa na kinywa, yaya, na maneno mawili tu yalitosha. Niliendelea kuchambua maharage.

Ukaolewa katika kambi ya Oruchinga. Baadaye mumeo akarudi Kivu na wewe ukaenda naye. Siku ya kuondoka ulinibeba kama zamani, ingawa nilikuwa nimekupita urefu, ukanisihi nisome kwa bidii. Hukuniuliza kitu. Nilisoma. Leo mimi ni mwalimu wa sayansi Mbarara, naitwa madam, na katika mambo ninayofundisha yamo yale ya daftari la baba.

Wiki iliyopita nilifundisha habari za matabibu wa Ulaya. Kwa zaidi ya miaka elfu walikisoma kitabu cha tabibu mkubwa wa kale ambaye, kwa kukosa maiti za watu, alipasua nyani. Profesa anakaa kwenye kiti cha juu anasoma, na chini yake kinyozi, maana siku zile vinyozi ndio walioshika visu, anapasua mwili halisi. Mwili unaonyesha hivi, kitabu kinasema vile, na wote wanakubaliana na kitabu. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono akauliza kwa nini hapakuwa na mtu hata mmoja wa kusema tuangalie tena. Nikawaambia wasome kimya, nikatoka nikasimama nyuma ya darasa mpaka kengele ikalia.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Nakivale kwa baba. Amezeeka, macho yamefifia, bado ananyoa ndevu kila asubuhi kama mtu anayekwenda kazini. Nilimweleza yote, askari, foleni, kamba ya nguo, namba tatu za uongo. Nilingoja anikaripie, na kusema kweli nilitamani anikaripie. Akasema tu, "Yeye nilimuuliza mara mbili. Wewe sikukuuliza hata mara moja."

Akarudia tena, polepole, kana kwamba ananifundisha.

Sikuandikii ili unisamehe upesi. Nimesikia watoto wako watatu wanasoma na kwamba jioni unakaa nao kwenye hesabu, na nilipolisikia hilo nililia kwa furaha na kwa soni kwa pamoja. Miaka yako siwezi kuirudisha. Naweza tu kusema, mbele ya waliokuwepo, kwamba Sifa alipima sawasawa mara tatu, kwamba Sifa aliomba tupime tena, na kwamba mwongo ni mimi. Ukikaa kimya nitaelewa. Ukinitukana nitapokea. Huko uliko ubaki na amani, wewe na nyumba yako.

Naimalizia barua hii nyumbani kwa baba, naye aliomba nimwachie nafasi hapa chini aandike kwa mkono wake. Amekaa na kalamu tangu asubuhi. Ameandika jina lako, Sifa, kwa zile herufi zake za ubaoni. Baada ya hapo amenirudishia karatasi.

Mdogo wako uliyemlea