Mwanao Amepata Choo

Mwanangu kipenzi,

Kabla hujaniuliza hali, kaa chini nikupe habari njema: mwanao amepata choo.

Usicheke. Ile dawa ya kunywa anayopewa kliniki ili aachane na unga ilimtuliza kweli, lakini ilimfunga tumbo kama gunia la saruji. Juzi akaniambia, "Bibi, dawa hii naiacha." Nikajua akiiacha atarudi kwenye unga, na safari hii tutamzika.

Nikamkokota hadi kwa daktari. Kumbe mwenyewe anafanya utafiti wa tabu hiyohiyo. Nikamuuliza, "Baba, umesoma miaka yote hiyo uje kuchunguza vyoo vya watu?" Akacheka. "Mama, wengi wanaacha tiba kwa sababu ya tumbo, na wanaona haya kusema."

Haya ya nini? Anayekula si lazima aende? Nikamsemea mjukuu wangu yote, naye kainamisha kichwa kama mwali.

Wakamwongezea dawa ya kulainisha tumbo. Leo asubuhi katoka chooni anapiga mluzi, kisha akaenda kliniki kunywa dozi yake bila kusukumwa.

Kalamu siijui, unafahamu. Anayeniandikia ni yeye. Neno "choo" alilikataa, nikamwambia aandike au nimwite jirani. Hebu tazama mwandiko huo, mwanangu. Mkono hautetemeki.

Ni mimi mama yako, nisiye na haya.

Shikamoo mama. Yote aliyosema bibi ni kweli, hata hilo.