Walikata Wao, Si Mimi

Minneapolis, Amerika
Machi 1999

Mpenzi wangu Mama Moraa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko majani ya chai Nyamache nzima msimu wa mvua. Mimi niko mzima, mwili umejaa, mashavu yamerudi. Kuku wa huku hana ladha hata kidogo lakini ana mapaja kama ya beki wa timu ya taifa. Mashaka yangu yote yako huko Tabaka: wewe umelala vipi, kifua cha Mama kinasemaje, Moraa ameacha kula udongo wa mawe, na huyo kijana wetu anayelia ameongeza kilo ngapi? Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu. Tangu nikutoe kwenu Bungoma, Kikisii chako bado kinatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Sasa salamu zimeisha. Nina hasira. Ukiona kalamu imetoboa karatasi usiseme ni panya wa posta, ni mimi.

Barua yako imenifikia Alhamisi. Niliisoma nimesimama mlangoni, vumbi la mawe ya kazini bado liko kwenye nyusi. Nikafika pale uliposema baba mdogo Mokaya anazunguka kila boma akisema nimelikataa jina la marehemu Baba. Eti niliambiwa niliite mbele ya watu, nikakata simu. Eti Amerika imenilewesha. Eti Mama ameweka kijiko chini tangu siku hiyo, hata mboga yake ya chinsaga haigusi. Na mtoto wangu, mtoto wa kiume, mpaka leo anaitwa "huyu". Mleteni huyu. Huyu ananyonya. Huyu amelala.

Mama Moraa, msomee Mama mstari huu kwa sauti, na baba mdogo akiwa karibu mwite asikie: sikukata simu. Walikata wao.

Wao ni nani? Ngoja nikueleze kutoka mwanzo, ili hata mtu wa Ogembo ambaye hajaona simu ya mkono aelewe.

Ile picha niliyotuma, nimesimama kando ya gari jekundu, simu imening'inia kwenye mshipi kama bastola ya askari. Gari ni la jirani, lakini simu ni yangu. Niliichukua kwa kandarasi. Maana yake, kampuni inakupa simu, wewe unatia sahihi kwamba utakaa nao mwaka mzima ukilipa kila mwezi bei fulani. Kijana aliyeniuzia alikuwa na meno mengi sana. Akaniambia, "Bwana Ombati, Jumamosi na Jumapili dakika zote ni bure. Ukipiga kwenu Afrika utalipa ile ya ng'ambo tu, nayo ni kidogo." Nikamuuliza, "Kidogo kwa macho yako au kwa yangu?" Akacheka. Nikacheka. Nikatia sahihi. Mimi mtu niliyewauzia Wazungu viboko wa kuchonga wa mawe pale Kisii mjini mpaka wakasahau kurudishiwa chenji, nikatia sahihi.

Miezi mitatu mambo yalikuwa asali. Halafu wakaanza. Kwanza bei ya mwezi ikapanda. Nikasema sawa, hata sukari hupanda. Mwezi uliofuata ile ya ng'ambo ikapanda. Nikanung'unika, nikalipa. Mwezi wa baada ya hapo Jumapili ikaacha kuwa bure, wakaipunguza ikabaki Jumamosi peke yake. Mpaka leo sijui kampuni inapata wapi ruhusa ya kupunguza wikendi. Tena mtu akinipigia mimi, naye analipa na mimi nalipa. Yaani jirani akinipigia kuniuliza kama nina chumvi, chumvi hiyo tumeinunua watu wawili na bado hakuna aliyeila.

Na hawakuniambia kwa mdomo. Walitia karatasi ndani ya bahasha ya bili, imeandikwa kwa herufi kama mayai ya chawa. Nilidhani ni tangazo la kuuza viti, nikafungia mkate.

Hebu fikiria mama wa ndizi pale sokoni. Mmeelewana bei, umelipa, umemenya, umekula nusu. Anakuja anakushika mkono: "Baba, ndizi imepanda, ongeza." Unasema basi chukua nusu yako. Anakwambia, "Ukirudisha pia utalipa faini." Huyo mama angetoka sokoni na kikapu chake kichwani? Hapa anavaa tai na anaitwa kampuni.

Sasa njoo siku yenyewe.

Sote tulikuwa tumekubaliana mtoto ni Nyakundi, jina la Baba. Hapo ugomvi haukuwepo. Mama ndiye aliweka sharti lake: kwa sababu sikufika kumzika Baba, jina hilo liingie sikio la mtoto kutoka mdomo wangu, si wa mtu mwingine. Nikaona ni haki. Unajua sikukataa kuja. Ningetoka huku na karatasi zangu zile za uhamiaji nisingeruhusiwa kurudi, na mkebe wa unga ungebaki mtupu nyumba nzima. Kwa hiyo Mama aliponipa nafasi ya kumtendea Baba jambo moja tu, niliishika kwa mikono miwili.

Jumapili ile nikaamka alfajiri, nikanyoa ndevu. Umewahi kusikia mtu ananyoa ndevu ili apige simu? Nikavaa shati jeupe. Huko kwenu saa tisa mchana, najua mmejazana kwa duka la Bwana Jayanti kati ya misumari na mabati. Nikapiga. Jayanti mwenyewe akashika kwanza.

"Bwana Ombati! Hujambo? Baridi huko? Mimi iko na ndugu London, yeye nasema baridi mingi!"

"Sijambo, Bwana Jayanti. Nipe watu wangu."

Hakunipa watu wangu. Alinipa baba mdogo.

"Ombati, ni wewe?"

"Ni mimi, baba mdogo."

"Ni wewe kabisa?"

"Kabisa."

"Mbona sauti imenenepa?"

"Ni simu, baba mdogo. Nipe Mama Moraa na mtoto, dakika zinakwisha."

"Buya mono, vizuri sana. Mvua imenyesha huko?"

"Inanyesha barafu."

"Na ng'ombe wapo?"

"Wapo wengi."

"Wanakula barafu?"

"Baba mdogo, tafadhali, simu inakula pesa!"

"Wacha utani, Ombati. Si ni wewe una simu yako mwenyewe kiunoni? Tumeiona kwa picha. Sasa sikiliza, kuna mambo ya miwani yangu..."

Kwa heshima zake zote, yeye ni baba yangu mdogo na alinibeba mgongoni. Lakini leo ndiye anasema nilikata simu!

Akampa Mama. Mama akasema tuombe kwanza. Unamjua Mama. Mtu mwingine akiombea chai huanza na chai. Yeye huanza na Adamu, akapitia safina, akawashukuru na manabii. Mimi nimefumba macho huku, nimeshika simu, nasikia dakika zikidondoka kama maji kwenye bati. Ningemwambia nini? Mama, fupisha Mungu? Sikuweza. Na Mama hakukosea. Kwetu mtu huwezi kumrukia na jambo zito kabla ya kumsalimu na kumwombea, hata kama kuna Mzungu mahali anahesabu.

Halafu Moraa, "Baba, umeniletea?" Halafu wewe. Wewe ulisema neno moja tu, "Sema haraka," nikajua nilioa mwanamke mwenye akili kuliko ukoo mzima. Ukamwekea mtoto simu sikioni.

Akalia. Mama Moraa, yule mtoto alilia! Nilisikia pumzi yake kwanza, halafu sauti ikatoka kama ile ya Baba akiwafukuza ng'ombe wa watu kwenye mahindi. Nikasikiliza. Ndiyo, nilisikiliza tu, najua dakika zilikuwa zinakwenda. Nimelipa vitu vingi vya upuuzi katika nchi hii, lakini kile kilio wangeweza kuniongezea bei na nisiseme kitu.

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Mwanangu, wewe ni..."

Tiii.

Halafu sauti ya mwanamke wa kwenye mashine, tamu, kama mtu anayekukaribisha chai: akaunti yako imefika kikomo cha matumizi ya mwezi, tafadhali lipa kwanza. Bei zao mpya ndizo zilinifikisha kikomo katikati ya mwezi bila mimi kujua. Nikapiga tena, yule mwanamke. Nikapiga tena, yule mwanamke. Nikatoka bila koti kwenda kibanda cha simu cha barabarani, kikanikatalia sarafu zote. Nilisimama pale na shati langu jeupe, barafu inaniangukia kichwani, namtukana mwanamke ambaye hata hajazaliwa. Na nyinyi huko mmeshika simu iliyonyamaza, mnatazamana. Naona kabisa uso wa Mama. Hiyo picha hainitoki.

Jumatatu sikuingia kazini. Nilikwenda kwenye duka lao. Kijana wa meno mengi hayuko, kuna mwingine, tai imemkaba.

"Nani alikata simu yangu jana?"

"Ni kompyuta, bwana."

"Mwite hapa."

"Bwana, kompyuta si mtu."

"Basi niletee mtu. Nilikuwa nampa mwanangu jina."

Akaigeukia kompyuta. Akabonyeza bonyeza. Akasema bei zilibadilika, nilitumiwa taarifa.

Nikamwambia, "Mimi nilitia sahihi nikae mwaka mzima kwa bei moja. Mimi nimefungwa, nyinyi mko huru?"

"Kandarasi inasema tunaweza kubadilisha, bwana."

"Na mimi nikitaka kubadilisha?"

"Unaweza kuondoka wakati wowote. Kuna ada ya kuondoka."

"Nikikaa nalipa. Nikiondoka nalipa. Nikifa?"

Hapo kikongwe mmoja wa Kizungu nyuma yangu kwenye foleni akagonga mkongojo chini. "Mwambie! Mimi nampigia dada yangu tu, na wamenipandishia mara mbili!" Na mwanamume mwingine akaanza, na mwingine. Mama Moraa, usiwaogope Wazungu tena, wanaibiwa sawasawa na sisi, tofauti ni kwamba wao wanaibiwa kwenye duka lenye zulia. Nilihutubia pale kama diwani wa Nyamache wakati wa kura. Yule bibi alinishika mkono akauliza jina la mtoto. Nilimwambia. Alilikosea vibaya sana lakini alilisema kwa heshima.

Meneja akatoka. Mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza. Akasema anaelewa uchungu wangu. Kwa sababu mimi ni mteja wa thamani, angenipa zawadi. Akaingia ndani. Nikasema, wamesikia, watarudisha dakika zangu. Akatoka na mfuko mdogo mweusi wa ngozi, wa kuvalisha simu.

Nimewaomba jina la baba yangu, wamenipa mfuko!

Niliuacha kwenye kaunta. Deni la kampuni nitalimaliza, maana sitaki karatasi zangu ziharibike kwa ajili ya vijana wa tai. Lakini kandarasi ikiisha, simu hiyo nitaipeleka kazini niiweke chini ya mashine ya kukata mawe, na nitamwomba bosi anipige picha ya pili.

Sasa, fungua hiyo soksi iliyo ndani ya kifurushi kilichokuja na barua hii. Soksi ni ya Moraa, ya kushoto. Ya kulia nayo imo, nimeweka peremende. Ndani ya hiyo ya kushoto kuna kanda ya sauti yangu. Mtoe Mama nje, mweke kwenye kiti cha Baba. Mwite baba mdogo, na yeyote aliyeambiwa kwamba nilikataa. Weka betri mpya kwenye redio ya Baba, usiazime zile za tochi.

Upande wa kwanza ni salamu. Nimemsalimu kila mtu mpaka jogoo. Baba mdogo nimemjibu mambo ya ng'ombe, kwamba wanakula nyasi kavu ndani ya nyumba, na miwani inakuja. Nimeacha nafasi kubwa ya ukimya katikati. Hapo Mama aombe. Aanze na Adamu, asikatishwe na mtu.

Upande wa pili mchukue mtoto, mweke karibu na redio. Upande huo hauna habari nyingine yoyote. Nimeliita jina lake. Nimeliita polepole, nimeliita kama ninamwita kutoka mtoni, nimeliita kama Baba alivyojiita mwenyewe akifurahi, mpaka kanda ikaisha. Hakuna kikomo humo. Akilia, rudisha kanda, ianze upya. Kuna mahali utasikia sauti inakwama, kisha kimya, halafu naendelea. Umwambie Mama ni mafua. Wewe najua hutaamini.

Nisalimie Mama, umwambie ashike kijiko. Msalimie baba mdogo Mokaya, bila ubaya, lakini aanze na boma alilomaliza nalo, arudi nyuma moja baada ya nyingine akiwaambia alivyosikia kwa masikio yake. Msalimie mwalimu wa Moraa, na fundi Osoro tuliyekuwa tunachimba naye shimo moja la mawe, mwambie mawe ya huku ni magumu lakini wenyeji ni laini. Bwana Jayanti pia, asante kwa benchi mliloketi dukani kwake siku ile.

Wewe nakusalimu mwisho kwa sababu nawe sina haraka.

Mimi mume wako, niliyenyoa ndevu bure,

Ombati,
Baba Moraa, na Baba Nyakundi.