Minyaa Uliyoing'oa, Papa

Papa wangu,

Naogopa, na wewe ndiye uliyenizoesha kuitaja hofu kabla haijanila. Basi naitaja. Alhamisi nasimama mbele ya darasa la Sheria kueleza utetezi wa mtu aliyeshurutishwa kutenda kosa, na rafiki yangu Neema atakuwa ameketi mbele.

Unaukumbuka ua wa miti wa nyumba yetu ya kupanga hapa Liverpool, mtaa uliokopa jina la mji wa mbali? Ulikua hadi ukameza uzio wa jirani. Wakala wa mwenye nyumba akaandika barua mara tatu, Mama akakuita mvivu, nami nikacheka. Wewe, usiyevumilia gugu moja kwenye mchicha wako, ulikataa hata kushika mkasi. “Mi siguse tena mupaka ya mutu,” ulisema, ukaingia ndani.

Na siku ile ya sherehe ya shule, mwalimu mkuu alipowataja wenyeji wa asili, walionyang'anywa nchi hii na walowezi, kuwa ndio wenye ardhi tuliyokalia, uliniinamia ukauliza walipo wenye ardhi hao, “Benyewe beko wapi?” Nikakukanyaga mguu unyamaze. Mwaka huu tumesoma kesi zao, jinsi wanavyolazimika kuthibitisha mahakamani kwamba ardhi ya babu zao ni yao. Nimejua kwamba hukuwa unatania. Nisamehe mguu ule.

Wiki yako ya mwisho duniani, hospitalini Westmead, ndipo uliponieleza. Wakati wa vita kule kwetu, wenye bunduki waliotaka shamba la jirani walikupa panga, wakamwelekezea Mama mtutu, nawe ukaing'oa minyaa ya mpaka wa jirani, mche mmoja mmoja. Kwetu minyaa, miti ya utomvu tunayopanda mpakani, ndiyo hati ya shamba. Jirani huyo alikuwa baba yake Neema. Hakupata tena shamba lake, akafia kambini. Leo mjane wake hukaa nasi benchi moja kanisani, hutuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, na hajui lolote.

Juzi mwalimu alifundisha kwamba aliyetishiwa kifo anaweza kuachiwa huru. Nilipumua, Papa, karibu nilie. Nikakuona unatoka mahakamani umevaa lile koti lako la kahawia. Kisha Neema, anayejua tu kwamba wenye bunduki walilichukua shamba lao, akanigeukia akaninong'oneza, “Okay, he goes home. Na shamba, who gives it back?”

Tangu hapo silali vizuri. Mama ananisihi ninyamaze, yaliyopita si ndwele. Naogopa kumpoteza Neema. Naogopa zaidi jina lako lisije likawa la kutemewa mate kanisani, nawe huna mdomo wa kujitetea.

Lakini uliniambia mpaka ulikopita, kutoka jiwe jeusi hadi kijito, miche thelathini na mmoja. Nimeuchora wote kwenye karatasi. Jumapili, kabla ya ibada, nitaiweka mkononi mwa mama yake Neema na kumwambia ni nani aliyeing'oa minyaa yao, na kwa nini. Akinifukuza, nitaondoka.

Pumzika, Papa. Mpaka wa mtu ninaushika mimi sasa, ili niurudishe.

Kifungua mimba wako